Betri Zilizoanikwa Juani

Salmini alimkalisha Batuli kwenye benchi la duka tangu asubuhi. Akauza chumvi, akauza uzi, akauza mafuta ya taa kwa watu waliokuja nyuma yake, na kila Batuli alipoinuka alimwashiria kwa kiganja akae. Duka lilipobaki tupu ndipo alipoinama chini ya meza, akatoa betri ndogo ndogo zilizofungwa kwa gazeti. Tangu vita vya Uganda vianze, mtu mwenye betri mpya Tabora aliziuza kwa kificho kama anauza gongo.

"Zitie kwenye mtandio," akasema. "Na utachukua na mche huu wa sabuni. Sabuni hazitoki, na mimi betri peke yake siuzi."

"Sabuni ninayo, Bwana Salmini."

"Basi betri huna."

Batuli akachukua sabuni. Alitoka pale uso umemwiva kwa hasira, na ule mche akampa mwanamke wa kwanza aliyekutana naye njiani, kwa sababu hakutaka hata harufu yake iingie nyumbani kwake. Betri alizikumbatia kifuani mpaka mtaani kwao Ng'ambo.

Mumewe, Mfaume fundi redio, alikuwa barazani amekaa kitako mkekani mbele ya ndege. Nayo ilikuwa ndege kweli, ila ndogo ya kubebeka, yenye mabawa ya mbao nyepesi, mkia, injini ndogo ya kunguruma kama nyigu na pangaboi la chuma mdomoni. Mtu alisimama chini na kisanduku cha redio mkononi, akaiongoza huko juu ilikokuwa. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuja kupambana na kweleakwelea wanaomaliza mpunga aliiacha mkataba wake ulipokwisha, na kijiji cha Ujamaa cha Ntulumo, mbele kidogo ya Kwihara, kikairithi. Sasa kijiji kilitaka irushwe siku ya Saba Saba mbele ya wageni. Mwenyekiti alikuwa amemwahidi Mfaume kwamba ikiruka vizuri, atakuwa fundi wa mashine zote za kijiji. Kwa mtu ambaye redio za wateja wake zilikaa kimya kwa kukosa betri, ahadi hiyo ilikuwa chakula.

Mfaume aliziunganisha betri moja moja na balbu ya tochi, akaiacha kila moja iwashe kwa muda mrefu huku ameikodolea macho. Balbu ikianza kuwa ya manjano, betri hiyo aliisukuma pembeni.

"Si mpya zote, Baba Mwanajuma?" Batuli akauliza.

"Mpya zote. Lakini ukiipima betri bila mzigo, kila moja inajitia shujaa. Itwike mzigo ndipo utaijua." Akachagua nne zilizowaka sawasawa, hakuna iliyoizidi nyingine. "Hizi zitakaa tumboni mwa ndege. Hizi ndizo zinazousikia mkono wangu. Zikizimika ndege iko juu, basi imekuwa jiwe lenye injini."

Batuli akazifunga zile nne kwa uzi mwekundu zisije zikachanganyika, akaukata uzi kwa meno. Zile kuukuu, zilizokuwa zimekwisha kazi kwenye redio yao, alizipanga juu ya ungo karibu na pilipili, akaupandisha ungo kwenye bati la jiko. Nyumba zote za Ng'ambo zilifanya hivyo. Betri iliyoanikwa juani siku mbili tatu ilikupa taarabu mbili za jioni, pengine na taarifa ya habari.

Mfaume akacheka. "Mke wangu anapika betri."

"Utakapotaka kusikiliza habari usiniulize nimezitoa wapi," Batuli akamjibu.

*

Asubuhi ya Saba Saba, Shilinde aliingia uani bila hodi, akanyakua muhogo wa kuchemsha kwenye sahani ya Mfaume, akautia wote mdomoni. Hakuna aliyeshangaa. Shilinde alikuwa fundi baiskeli wa nyumba ya tatu kutoka hapo, Mnyamwezi, na Mfaume ukoo wake ulitoka Uzaramoni. Watu hao ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikunyakulia kitu chako hukasiriki. Unakikomboa kwa jogoo, au kwa aibu, na watu wanacheka.

"Mzaramo, leo ndiyo leo," Shilinde akasema mdomo umejaa. "Hicho kidude chako kikikataa kuruka, nitakuvua kofia mbele ya mkuu wa wilaya."

"Kazi yako wewe ni kubeba, mpagazi. Kuruka niachie mimi."

"Babu yangu alimbeba babu yako mgongoni kutoka pwani analia mbu wanamuuma! Haya, leteni mzigo. Nimezoea kubeba vitu visivyo na faida."

Akaitwaa ndege, akaifunga kwa kanga nyuma ya baiskeli yake, akatangulia. Njiani alisimama mara moja, akasema gurudumu linampa taabu, Mfaume na Batuli wakampita. Batuli alimwona kwa mbali ameinama juu ya mzigo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alifikiri anacheka peke yake kama kawaida yake. Wakaendelea na ile njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara, na baridi ya Julai ikiwauma masikioni.

Uwanja wa Ntulumo ulikuwa umefurika. Wageni walikaa jukwaani chini ya makuti, watoto wa shule wamepangwa mbele kwa halaiki, na mgambo wamezunguka uwanja na bunduki. Kamanda wao, Dionis, alikuwa amerudi kutoka vitani mwezi uleule. Alitembea kama mtu ambaye bado hajaambiwa kwamba vita vimekwisha. Alipoiona ndege aliizunguka mara mbili.

"Hiyo haina bomu?" akauliza.

"Ina mafuta kiasi cha kikombe, Afande," Mfaume akamjibu kwa adabu.

Mfaume akawasha kisanduku, akasukuma kijiti, mkia wa ndege ukaitika kushoto, ukaitika kulia. Batuli alikuwa upande wa wanawake. Alimwona Shilinde amesimama nyuma ya Mfaume, mkono mmoja mfukoni mwa koti, na mkia ulipoitika uso wake ukapigwa na butwaa. Mara akafungua mdomo, mara akaufumba.

Ndege ikaruka. Watu wakapiga kelele za furaha, wazee wakashika vichwa. Ikazunguka uwanja mara ya kwanza, ikashuka juu ya majaruba makavu kama inavyofukuza ndege wa mpunga, ikapanda tena. Mwenyekiti wa kijiji akawa anapiga makofi kuliko wote. Batuli akasahau benchi la Salmini, akasahau kila kitu. Mume wake alikuwa ameshika uzi usioonekana wa ndege inayopaa, na uwanja mzima ulikuwa unamtazama yeye.

Kisha akamwona Mfaume anasukuma kijiti mara mbili, mara tatu, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Ndege haikugeuka. Iliinamisha bawa moja na kuja moja kwa moja upande wa jukwaa, injini ikinguruma vilevile.

"Lala! Laleni chini!" Mfaume akapiga ukelele. "Watoto, laleni!"

Wageni walilala. Watoto hawakuelewa. Pangaboi lilimpata msichana wa mstari wa mbele, Imakulata, likampasua shavu mpaka sikioni, na ndege ikapasuka vipande kwenye nguzo ya jukwaa. Kwa kitambo kidogo hapakusikika kitu ila yule mtoto. Damu ilikuwa imefunika shati lake jeupe la shule.

"Ameielekeza jukwaani!" mtu mmoja akapaza sauti. Hakujulikana ni nani, na baadaye hakuna aliyekubali kuwa ndiye. "Alikuwa anawalenga wageni!"

Pigo la kwanza lilikuwa la Dionis, kwa kitako cha bunduki, kati ya mabega. Mfaume alianguka na kisanduku chake mkononi, kidole bado kinasukuma kijiti. Wakaja mgambo wengine, wakaja na raia, wanaume kwa wanawake, watu waliokuwa wakipiga makofi sasa hivi. Walimpiga kwa marungu, kwa viatu, kwa miti ya bendera. Mtu akampiga kwa ngoma. Mmoja alimrukia tumboni kwa miguu yote miwili, akaona haitoshi, akarudi nyuma akaruka tena.

Batuli alijitupa katikati. Kanga yake ilivutwa ikabaki mikononi mwa mtu, akapigwa kibao kilichomlegeza jino, akang'ata mkono aliouona karibu na mdomo wake mpaka akaonja damu ya mtu asiyemjua. "Muulizeni kwanza!" alikuwa analia. "Jamani, muulizeni kwanza!" Ila mtu hamuulizi kitu mwenzake ambaye ameshaanza kumpiga.

Alipoinua macho alimtafuta Shilinde. Shilinde alikuwa amesimama palepale, mkono mfukoni, hakusogea.

*

Walimrudisha Mfaume kwa mkokoteni jioni ile. Dionis aliona ni huruma kubwa aliyoifanya. Akamweka mgambo mmoja mlangoni, na amri ikatoka: mtuhumiwa hatoki nyumba hiyo mpaka Jumatatu, atakapopelekwa mjini kujibu mashtaka ya hujuma.

"Anakojoa damu," Batuli akamwambia. "Niacheni nimpeleke hospitali. Mfuateni na bunduki zenu mpaka kitandani kwake kama mnataka."

"Wenye hila wote huugua wakishikwa," Dionis akasema, akaenda zake.

Mabruki, kaka yake Mfaume, mchinja nyama wa sokoni, mtu wa mikono minene, alikuja akamtazama mdogo wake, akatoka nje kulia. Kisha akamwendea mgambo wa mlangoni kwa maneno makali, naye mgambo akaingiza risasi chemba. Mabruki akarudi ndani, akaketi sakafuni.

Vipande vya ndege walikuwa wamevitupa uani kwenye gunia. Jumapili, kulipokucha, Batuli alilifungua lile gunia kwa chuki tu, akitaka kukichoma moto kila kilichokuwamo. Akakiona kile kisanduku cha tumboni kimepasuka, betri nne zimo ndani. Hazikuwa na uzi.

Akazigeuza. Zilikuwa na kutu kidogo kitakoni, na moja ilikuwa na doa jekundu la pilipili. Akaingia jikoni, akaushusha ungo kutoka kwenye bati. Pilipili zilikuwapo. Betri zilizoanikwa, hakuna.

Hapo ndipo alipouona tena akilini ule mkono mfukoni mwa koti, na ile baiskeli iliyosimama njiani, na mabega yaliyotikisika kwa kicheko. Akakaa juu ya kuni.

Aliporudi chumbani Mfaume alikuwa macho. Tumbo lake lilikuwa limevimba na kukakamaa, midomo imekuwa ya majivu.

"Ni Shilinde," Batuli akamwambia. "Alibadilisha betri njiani. Alitia zile zangu za juani."

Mfaume alizitazama betri mkononi mwa mkewe. Kisha, Mungu wangu, akatabasamu. "Alitaka ikatae kuruka. Nimwombe mbele ya watu, yeye azitoe zile nzima mfukoni, nizikomboe kwa jogoo." Akapumua kwa shida. "Alidhani zimekufa kabisa. Hakujua kwamba jua limeziamsha. Mimi mwenyewe nilizipima kwa mkia tu, sikuzitwika mzigo, maana nilijua ni zile nilizozichagua."

"Mimi ndiye niliyezianika."

"Wewe ulitaka taarabu, Mama Mwanajuma."

"Nakwenda kumwambia Dionis."

Akamshika mkono. Hakuwa na nguvu ya kumshika, aliuweka tu mkono wake juu ya wa mkewe. "Mambo ya utani hayapelekwi kwa mgambo. Na wakimchukua, watamfanya nilivyofanywa mimi. Umeona walivyo. Hawaachi. Nisikie, Batuli. Hata Mabruki asijue."

Batuli akauchomoa mkono wake. Alimpenda mume wake miaka yote hiyo, na saa hiyo alimchukia kwa wema wake, wema wa mtu anayekufa huku anamwonea huruma aliyemuua.

*

Alimheshimu mpaka jua lilipopanda. Mfaume alipoanza kutapika vitu vyeusi, heshima ikamtoka. Dionis alikuwa amekuja kumkagua mlinzi wake, amesimama barazani anapiga mswaki kwa kijiti, na Batuli akamwambia yote palepale: utani, njia ya Kwihara, betri za kwenye ungo. Akamnyooshea zile betri kiganjani.

Dionis alisikiliza, akatema mate, akacheka. Hakucheka kwa ubaya hata. Alicheka kama mtu aliyesimuliwa kisa kizuri. "Mama, mimi nami nina watani. Wananiibia kuku. Lakini hujuma ya taifa hakuna mahakama itakayokubali ni pilipili na ungo."

"Betri hizi hapa."

"Betri ni betri. Huyo mtani yuko wapi? Mlete aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Akisema, mumeo anakwenda hospitali sasa hivi, na yeye anakaa mahali pake."

Batuli alikimbia. Nyumba ya tatu, mlango umefungwa mchana kweupe. Aliusukuma kwa bega mpaka kitasa kikang'oka. Shilinde alikuwa amejikunyata pembeni mwa kitanda na koti lake lile lile, hajalivua tangu jana. Hakusubiri aulizwe.

"Nilidhani hazitatoa hata cheche, shemeji. Nilipoona mkia unacheza nikasema labda ameshtukia, ametia nyingine. Nikaona haya kupiga kelele mbele ya wageni. Nikaona nitaonekana mjinga." Akauficha uso kwenye koti. "Nilitaka tucheke tu."

"Anakufa. Twende ukaseme."

"Wataniua."

"Yeye wamemuua kwa ajili yako, naye hakutaja jina lako! Simama!"

Hakusimama. Mchi wa kinu ulikuwa umeegemezwa ukutani, na Batuli hakujua ameushika saa ngapi. Alimpiga nao begani, mfupa ukalia, akampiga mgongoni, akampiga kwenye mkono aliouinua kujikinga. Shilinde hakurudisha, hakupiga hata ukelele. Alipokea kila pigo huku ameuma koti. Na jambo lililomtisha Batuli ni kwamba ilikuwa rahisi. Mikono ilikwenda yenyewe. Angeweza kuendelea mpaka chumba kizima kinuke damu, na asichoke. Alipoona hivyo aliutupa mchi chini.

"Nakuja," Shilinde akasema kwa sauti ndogo. "Tangulia, shemeji. Wallahi nakuja. Nivae tu viatu."

Batuli akatangulia. Alisimama barazani kwake karibu na Dionis, macho kwenye ile nyumba ya tatu. Mtu mmoja alipita na punda. Mwanamke akamwaga maji machafu. Dionis akamaliza mswaki wake, akatazama saa, akasema hana siku nzima ya kusubiri watani. Mlango wa Shilinde haukufunguka. Ndani Mabruki alipaza sauti akaita jina la mdogo wake mara nyingi mfululizo, na Batuli akajua kwamba hakuna tena haja ya kutazama ile nyumba.

*

Mlinzi aliondolewa kabla maiti haijaoshwa. Kesi ikafa na mtuhumiwa. Imakulata alishonwa shavu, na baadaye akapona; mama yake alikuja matangani na unga, akakaa kwenye kona bila kumtazama mtu. Mwanajuma, binti yao, alifika kutoka Nzega na basi la asubuhi, akaanguka mlangoni kabla hajavua kanga ya safari.

Walipotoka makaburini wanaume walijaa uani, na Batuli alikuwa ndani chumbani na wanawake, mlango wazi. Sasa ilikuwa zamu ya watani. Ndivyo ilivyo: mtani ndiye anayemwigiza marehemu, anamtembeza, anamsemesha, anawacheka wafiwa mpaka kicheko kipitie kwenye kilio. Msiba usio na mtani Ng'ambo ni msiba wa mtu asiye na watu.

"Yuko wapi Shilinde?" wakaanza kuulizana. "Marehemu hakuwa na mtani mwingine kama huyo."

Alikuja. Pengine kutokuja kungemsema zaidi. Alikuja mkono wake mmoja umefungwa kwa kitambaa shingoni, akasema ameanguka na baiskeli, akakaa nyuma kabisa. Watu wakamsukuma mbele kwa mizaha. Alikataa. Wakamsukuma tena. Macho yake yakaenda mpaka kwenye mlango wa chumba, yakamkuta Batuli.

"Aanze," Batuli akasema kutoka ndani. Mjane mwenye eda hana kawaida ya kusemesha wanaume, wanawake wakageuka kumtazama. Hakujali. "Mwambieni aanze. Mume wangu asililiwe kama mgeni."

Shilinde akaingia katikati ya ua. Akavaa kofia ya Mfaume waliyompa. Akaketi kitako kama Mfaume, akashika kijiti kimoja, akakikodolea macho kama Mfaume alivyoikodolea balbu. Alikuwa Mfaume hasa. Mwanamke mmoja akaangua kicheko na kilio pamoja. Wanaume wakaanza kucheka, Mabruki akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mimi Mzaramo," Shilinde akasema kwa sauti ya Mfaume, ile ya puani kidogo, "nimerusha ndege. Nimeona juu. Mmeniona?"

"Tumekuona!" wakaitikia.

"Nimeanguka. Mnajua nani ameniangusha?" Akakiinua kijiti. "Shilinde ameniangusha. Ameniibia betri zangu njiani. Shilinde mpagazi ndiye aliyeniua."

Ua mzima ukalipuka kwa vicheko. Mtani kujitaja mwenyewe! Watu walipigana mabega. Mzee mmoja akasema hajapata kuona utani mtamu hivyo tangu ujana wake. Shilinde alisimama katikati yao, amefungua mdomo, akiwatazama mmoja mmoja, na Batuli akaelewa kwamba mtu huyu alikuwa amelileta alilokataa kulileta jana, akaliweka mahali pekee ambapo hakuna atakayelipokea.

"Rudia," Batuli akasema.

Akarudia. Wakacheka tena, lakini si wote.

"Rudia."

"Shilinde ndiye aliyeniua," akasema, na safari hii hakuigiza sauti ya mtu yeyote. Ilikuwa yake mwenyewe, imepasuka.

Kicheko kikakatika vipande vipande, mtu mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti ya mtoto aliyechelewa kuacha. Mabruki alikuwa ameinuka. Nyuma yake wakainuka wengine, polepole, na Batuli akaziona nyuso zao. Alizijua. Hazikuwa za watu wa Ntulumo, zilikuwa za majirani zake, za waume wa mashoga zake, lakini zilikuwa zilezile. Mtu mmoja alikuwa ameshaokota kuni.

"Shemeji," Mabruki akasema bila kumwondolea Shilinde macho, mikono yake minene imelegea ubavuni, tayari. "Huyu anasema nini? Ni kweli?"

Neno moja lingetosha. Batuli alilihisi mdomoni, akausikia na mfupa ukilia chini ya mchi, na ile raha mbaya mikononi mwake. Hakumsamehe Shilinde, wala hakuwa na nia ya kumsamehe. Lakini hakutaka tena nyama ya mtu iliyopondwa katika ua wake, na marehemu alikuwa amemwomba jambo moja, naye alishamvunjia mara moja.

"Anafanya kazi yake, shemeji," akasema. "Mwache amalize."

Mabruki akamtazama, akapumua, akaketi. Aliyeokota kuni akaitupa kwenye moto wa chai kana kwamba ndiyo ilikuwa safari yake. Mtu akacheka kicheko cha kujilazimisha, mwingine akampokea, na ua ukaanza upya, watu wamefurahi kurudishiwa utani wao. Shilinde alibaki amesimama na kofia ya marehemu kichwani, machozi yakimtiririka, akimwangalia Batuli kama mtu anayeomba apigwe.

"Endelea," Batuli akamwambia. "Matanga ni siku tatu."